Kipimo cha sikoseli: "pozitivu" ya nini?

Wachumba wanaojiandaa kwa ndoa hapa Mombasa mara nyingi hushika karatasi ya maabara iliyoandikwa "sickling: pozitivu", basi. Karatasi hiyo inasema tu kwamba damuni mna hemoglobini S, ile protini ya damu inayoleta sikoseli. Kama mtu ana jeni moja ya S (AS, mbebaji tu) au mbili (SS, mgonjwa wa sikoseli), haisemi, na hilo ndilo walilokuja kuuliza.

Kipimo chenyewe ni rahisi mno. Tone la damu huchanganywa kwenye kioo na tone la sodiamu metabaisalfaiti ya asilimia 2, hufunikwa kwa kioo chembamba, kisha kingo huzibwa kwa rangi ya kucha ili hewa isipenye. Dawa hunyonya oksijeni na chembe zenye S hujikunja kama mundu. Dawa hiyo hutengenezwa siku ya kutumika. Ya jana imeshakutana na hewa, imekufa, na joto letu la Pwani halisaidii. Ikishakufa, kila mgonjwa hutoka "negativu". Kwa hivyo kando ya sampuli za wagonjwa huwekwa damu inayojulikana kuwa AS: isipojikunja, majibu yote ya siku hiyo hutupwa.

Mtoto wa chini ya miezi 6 naye humdanganya mpimaji. Bado amejaa hemoglobini F, ile ya tangu tumboni mwa mama, kwa hivyo anaweza kuwa SS na kipimo kikanyamaza. Aliyeongezwa damu ndani ya miezi 3 huonyesha pia hemoglobini A, ile ya kawaida, ya aliyemchangia.

Ombeni elektroforesisi ya hemoglobini au HPLC, vipimo vya maabara vinavyotenganisha aina za hemoglobini na kuonyesha kiasi cha kila moja. SS ambaye hajaongezwa damu hana A kabisa. AS huwa na A nyingi kuliko S, na S kwa kawaida hukaribia asilimia 35 hadi 40. Pwani yetu ina alfa thalasemia (hali nyingine ya kurithi ya hemoglobini) kwa wingi, nayo huishusha S hadi 30 au chini yake. Msikimbilie kulaumu mashine. Kuna pia vijiti vya tone moja la damu kama HemoTypeSC, vinavyofaa hata kwa mtoto mchanga. Hivyo husomwa kinyume: mstari usioonekana ndio hemoglobini iliyopo. Asiyejua hilo atamwita mzima mgonjwa.

Wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS. Kura hupigwa upya kila mara. Mtoto wa kwanza kuugua hakuwakingi watatu wanaofuata.

AS wenyewe huishi vizuri, na utafiti wa Kilifi umeonyesha kwamba jeni hiyo moja hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90. SS hana kinga hiyo: malaria humuua upesi, kwa hivyo chandarua na dawa za kuzuia malaria ni za lazima.

Tiba ya kuhariri jeni, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, kwa bei ya dola milioni 2.2 huko Marekani. Tuiache huko. Inayotuhusu ni haidroksiyurea, dawa ya kumeza kwa wagonjwa wa SS. Utafiti wa REACH uliochapishwa 2019, Kilifi ikiwa kituo kimojawapo, uliwaanzishia watoto miligramu 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku. Maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua. Mtoto wa kilo 12 kwa kipimo cha 20 anahitaji miligramu 240, na kapsuli ya kawaida ni ya 500. Msiifungue nyumbani kukisia nusu. Mwulizeni mfamasia njia ya kugawa, na hesabu kamili ya damu irudiwe mara kwa mara, maana dawa ikizidi hushusha chembe nyeupe.