Rekodi za afya za kielektroniki: maswali ya wagonjwa na majibu yake

Rekodi ya afya ya kielektroniki ni nini?

Ni faili lako la hospitali, ila limehama kutoka kwenye karatasi na kuingia kwenye kompyuta. Humo mna magonjwa uliyougua, dawa unazotumia, mzio, chanjo, majibu ya maabara na maelezo yaliyoandikwa kila ulipohudhuria. Wala si jambo jipya: Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Marekani, ilianza kutumia mfumo wa aina hii mwaka 1972.

Inanisaidia nini mimi ninayetibiwa?

Tuseme mwili wako haupatani na penisilini. Daktari mgeni kwako anakuandikia amoksilini kwa ajili ya kikohozi. Amoksilini ni ya jamii ya penisilini, kwa hiyo mfumo uliowekewa tahadhari hizo humwonya papo hapo kabla dawa haijafika dirishani kwa mfamasia. Kwa mtu mwenye mzio mkali, onyo hilo laweza kuokoa maisha.

Faida nyingine haionekani haraka, nayo ni kufuatilia mabadiliko. Kreatinini, kipimo kinachoonyesha hali ya figo, huenda kila ukipimwa ikawa bado katika kiwango cha kawaida. Ukipanga majibu ya miaka kadhaa kwa mfululizo ndipo unapoona inapanda polepole. Kwenye karatasi zilizotawanyika, jambo hilo hupita bila mtu kuliona.

Kwa hiyo kompyuta haikosei?

Hukosea, na hapa ndipo ningependa kila mgonjwa awe macho. Mfumo hujua kile tu kilichoingizwa ndani yake, tena mahali pake. Mzio ukiandikwa katikati ya maelezo ya daktari badala ya kujazwa kwenye sehemu ya mzio, mara nyingi onyo halitatokea, ingawa habari yenyewe imo ndani ya faili.

Kuna pia kosa la mtu mmoja kuwa na mafaili mawili. Leo mapokezi wameandika Fatma, mwezi ujao Fatuma, na historia yake imegawanyika. Na kuna kunakili maelezo ya zamani na kuyabandika kwenye ziara ya leo: dawa uliyoacha zamani inaendelea kuonekana kana kwamba unaimeza kila asubuhi.

Nani anaweza kusoma habari zangu?

Wanaokuhudumia, na kila mmoja kwa kadiri ya kazi yake. Karani wa malipo hana haja ya kusoma majibu yako ya VVU. Mfumo mzuri huweka kumbukumbu ya nani alifungua faili lako, na saa ngapi. Karatasi haikuwahi kuwa na ulinzi huo. Lakini wafanyakazi wakiazimana nywila, kumbukumbu hiyo haina maana tena, na uongozi unaofumbia macho tabia hiyo unawakosea wagonjwa wake.

Mfumo ukizimika je?

Hilo hutokea. Mei 2017 virusi vya kompyuta vilivyoitwa WannaCry vilishambulia hospitali nyingi za Uingereza. Miadi ikafutwa na wahudumu wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Kila hospitali inapaswa kuwa na nakala za akiba zilizotengwa na mfumo mkuu, na fomu za karatasi tayari kwa dharura.

Nikihamia hospitali nyingine, faili litanifuata?

Usitegemee hivyo. Mifumo mingi haizungumzi na mingine. Omba muhtasari wako kabla ya kuondoka.

Nifanye nini kuhakikisha faili langu ni sahihi?

Kila ukihudhuria, omba usomewe mambo mawili: orodha ya mzio na orodha ya dawa. Haichukui hata dakika mbili. Ikiwa daktari anaandika huku amekupa mgongo, mwombe kwa upole ageuze skrini mtazame pamoja. Si utovu wa adabu, ni habari za mwili wako.

Ukikuta kosa, omba lirekebishwe, ikibidi kwa maandishi. Usishangae ukiambiwa maandishi ya awali hayafutwi kabisa. Kwa kawaida hubaki, na sahihisho huongezwa likiwa na tarehe na jina la aliyeliandika, ili daktari atakayefuata ajue kilichobadilika na lini.