Mkanda Wako Haukuungua

Jumamosi iliyopita alirudi kijana mmoja na bahasha niliyompa siku mbili kabla. "Shikamoo fundi. Mkanda wangu wa picha mmeuunguza." Nikaitikia marahaba, nikaichukua bahasha, nikauinua mkanda dirishani. Wa nyeusi na nyeupe, umetoka wazi kiasi kwamba ungeweza kusomea gazeti kupitia kwake. Huyo ni wa nne tangu mwezi uanze. Basi naandika, na wa tano nitamtumia kiungo.

Neno "kuungua" limetuharibia kazi. Enzi zile kila picha iliyoshindikana iliitwa imeungua. Umefungua mgongo wa kamera kabla ya kuurudisha mkanda, imeungua. Umesahau flashi usiku, imeungua. Harusi nzima haikutokea, imeungua, na bibi harusi analia. Vijana wa sasa wamelirithi neno bila kuirithi kamera.

Negativu, yaani mkanda uliokwisha kutiwa dawa, inageuza mambo. Palipopigwa na mwanga panakuwa peusi, palipokosa mwanga panabaki wazi (kwenye mkanda wa rangi, huo uwazi una rangi ya chungwa, usishtuke). Kwa hiyo mkanda ulioungua kweli hutoka mweusi tii, kama matako ya sufuria ya shughuli. Ule ulio wazi haukuungua hata chembe. Umekufa njaa.

Kabla ya kunigombeza, tazama kingo, pale pembeni penye matundu. Kiwandani walishachapa hapo kwa mwanga jina la mkanda na namba za picha, na hazionekani mpaka mkanda usafishwe, yaani utiwe dawa ya kutoa picha. Kamera yako haihusiki nazo hata kidogo. Namba zikisomeka vizuri na katikati hamna kitu, dawa imefanya kazi yake, picha ndizo hazikuwemo. Namba zisipotokea kabisa, kosa ni langu: dawa ilishakufa, au nimetanguliza fiksa, dawa ya mwisho ya kuidumisha picha, kabla ya dawa ya kutoa picha. Nimewahi kufanya hivyo, mwaka wangu wa kwanza wa kuachiwa chumba cha giza peke yangu, mikanda miwili kwenye tanki moja. Nilirudisha hela na sikulala. Kingo nazo zikiwa nyeusi, mwanga umeingia bila kupitia kwenye lenzi: mgongo ulifunguliwa, au sponji za mlango zimeoza, na kwenye kamera za miaka ya 70 na 80 hilo ni jambo la kawaida. Kingo safi ila picha zenyewe nyeusi nzito? Mwanga ulizidi. Hapo wala siumizi kichwa, mara nyingi tunatoboa.

Ugumu uko kwenye mkanda uliofifia wote, picha na namba pamoja. Huenda dawa yangu ilikuwa inachoka. Huenda mkanda ulikaa miaka kwenye kabati la kioo linalopigwa jua la mchana kabla hujaununua. Nitakwambia ninavyodhani, lakini usiniapishe.

Sasa, waliotoka kwenye dijitali. Hawa ndio wananichosha, kwa sababu si wajinga. Wamejifunza vizuri somo la mahali pengine. Kwenye dijitali, mwanga ukizidi, kila kijicho cha kihisi kinajaa na kumwagika, na wingu likishakuwa jeupe halirudi tena. Kwa hiyo wanapunguza mwanga kidogo, kisha giza wanaliinua kwenye kompyuta. Sawa kabisa. Halafu wanaleta tabia hiyohiyo kwenye mkanda wa negativu, ambao tabia yake ni kinyume. Chembe ya madini ya fedha lazima ipate kiasi fulani cha mwanga ndipo dawa iweze kuigeuza. Ikipungukiwa, ni kama haikupata kitu. Hakuna kompyuta ya kuinua kisichokuwepo. Lakini ukizidisha, negativu inaendelea kupokea tu. Ongeza stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili, au nusu ukipunguza), nitakutolea picha nzuri. Punguza stopu mbili, nitakupa tope la kijivu, na utasema nimeliunguza.

Chukua mtu mweusi kama sisi, umsimamishe chini ya mwarobaini saa saba mchana, nyuma yake mchanga wa Kigamboni unawaka. Mita ya kamera inaona mchanga. Inafunga mwanga, na uso unapotea. Sogea karibu, pima uso, rudi nyuma, piga. Mchanga utajitetea wenyewe. Mimi mkanda wa 400 (namba ya wepesi wake wa kushika mwanga) huuwekea 200 kwenye kamera, ili upate mwanga zaidi, na nausafisha kama kawaida, siongezi wala sipunguzi dakika. Ila slaidi, mkanda unaotoa picha yenyewe bila kugeuza mwanga na giza, usiifanyie hivyo! Slaidi ina roho ya dijitali, mwanga ukizidi imekwisha.

Kuhusu joto sitasema mengi. Mkanda wa rangi unataka dawa ya nyuzi 37.8 kwa dakika 3 na sekunde 15, na kwa hali ya hewa yetu hapo Mungu ametusaidia. Nyeusi na nyeupe inataka 20, wakati maji ya bomba ya Dar yanatoka kama chai iliyopoa, kwa hiyo nanunua barafu. Barafu ikikosekana napunguza muda, na hapo, niseme ukweli, mkanda wa leo na wa juzi havifanani.

Na zile "rangi halisi za mkanda" mnazosifia mitandaoni, nusu yake ni mimi na skana, saa nne usiku, naamua ngozi ya shangazi yako iwe na wekundu kiasi gani.

Tumrudie kijana. Namba 1 mpaka 36 zilikuwa nyeusi, zinasomeka zote. Nikampa mkanda mbovu wa majaribio nikamwambia aupachike kama alivyoupachika ule. Akaupachika, akafunga, akaanza kuvuta na kupiga. Kaunta ikahesabu moja, mbili, tatu. Nikamwonyesha kishikio cha kurudishia mkanda, juu upande wa kushoto, ambacho mkanda ukisogea lazima nacho kizunguke. Kimetulia tuli. Tukafungua: ulimi wa mkanda ulikuwa umechomoka, umejikunja pembeni, na mkanda haukuwa umesogea hata kidogo.

Akautazama muda mrefu. "Sasa fundi, ile hela ya kusafisha unanirudishia?"

Sikumrudishia.