Zebaki na dhahabu: maswali na majibu kuhusu afya ya mchimbaji, familia yake na ziwa

Dhahabu ya wachimbaji wadogo, iwe ya Geita, ya Mara, ya Chunya au ya Migori upande wa Kenya, kwa sehemu kubwa hupatikana kwa msaada wa zebaki, metali ya majimaji inayoshikana na dhahabu. Majibu yaliyomo humu yameandikwa kwa ajili ya mchimbaji, mwenza wake na jirani ambaye hajawahi kushuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lakini anavuta hewa ileile.

Kwa nini wachimbaji wanatumia zebaki?

Kwa sababu inafanya kazi, ni ya haraka na haihitaji mtaji mkubwa. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, unga wake husafishwa kwa maji kwenye mwalo, yaani mteremko wa kuoshea mchanga, hadi ubaki mchanga mzito wenye dhahabu. Mchanga huo hutiwa kwenye karai pamoja na zebaki, hukandwa kwa mikono, kisha hukamuliwa kwa kitambaa mpaka libaki donge jeupe la zebaki iliyoshikana na dhahabu, lenye ukubwa wa punje ya mahindi au zaidi. Donge hilo huwekwa kwenye kifuniko cha kopo au kikaango juu ya jiko la mkaa, na baada ya dakika chache weupe unatoweka na rangi ya manjano inajitokeza. Jioni hiyohiyo mtu anapata fedha. Mwenye deni la karasha, na mtoto anayesubiri ada nyumbani, hastahili kulaumiwa kwa kuchagua njia inayomlipa leo. Anachostahili ni kuambiwa kwa ukamilifu ule weupe umekwenda wapi.

Nimeshika zebaki kwa mikono miaka mingi na siumwi. Hatari yake iko wapi?

Hatari kubwa iko kwenye mvuke. Zebaki ikiwa bado ya majimaji hupita kwenye ngozi kwa kiasi kidogo, na hata ikimezwa, utumbo huinyonya kwa kiasi kidogo sana. Ndiyo maana mtu anaweza kuichezea kiganjani kwa muda mrefu akaamini kwamba haina madhara. Mvuke wake ni jambo jingine kabisa, kwani mapafu huchukua takribani asilimia 80 ya zebaki inayovutwa, nayo huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo na figo. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, hauchomi macho wala kukohoza unapokuwa kidogo, na kwa hiyo mwili haupati onyo lolote. Aidha, zebaki huanza kuvukiza katika joto la kawaida la chumba, kwa hiyo hata chupa iliyoachwa wazi chini ya kitanda, au kitambaa cha kukamulia kilichoanikwa dirishani, huendelea kuitoa usiku kucha.

Kinachotoka kwenye jiko lile hakitoweki. Sehemu yake hutua juu ya paa, kwenye nguo, kwenye udongo wa uani na kwenye sufuria zilizo karibu, na sehemu nyingine husafiri mbali. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ulichangia takribani asilimia 38 ya zebaki yote iliyoingia hewani mwaka 2015 kutokana na shughuli za binadamu, kiasi kikubwa kuliko kile cha shughuli nyingine yoyote.

Dalili zake ni zipi?

Mtu aliyevuta mvuke mwingi kwa mara moja, kwa mfano aliyechoma donge kubwa ndani ya chumba kilichofungwa, anaweza kupata kikohozi, maumivu ya kifua, homa na kushindwa kupumua ndani ya saa chache, na hali hiyo inaweza kuua. Aliyevuta kidogo kidogo kwa miaka huanza na mambo yanayofanana na uchovu wa kawaida: usingizi unapotea, hasira zinakuja bila sababu, mambo yanasahaulika, fizi zinavimba, mate yanajaa na mdomoni kunakuwa na ladha ya chuma. Baadaye vidole vinatetemeka. Mpe kalamu aandike jina lake, au kikombe cha chai kilichojaa, na utauona mtetemeko huo. Figo nazo huweza kuharibika bila maumivu yoyote.

Nimeona ni lazima kulitaja hili kwa sababu dalili za mwanzo mara nyingi huhesabiwa kuwa za malaria, za pombe au za kurogwa.

Je, mama mjamzito na mtoto wako katika hatari zaidi?

Ndiyo, tena sana. Mvuke wa zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni mwa mama anayechoma dhahabu anavuta hewa ileile, huku akipumua kwa haraka zaidi kuliko mtu mzima na mwili wake ukiwa mdogo. Madhara ya ubongo unaokua yanaweza kuwa ya kudumu: mtoto anachelewa kutembea au kusema, au anapata shida darasani, na wazazi hawaihusishi kamwe hali hiyo na jiko la mkaa lililokuwa uani miaka saba iliyopita. Hiyo ni gharama ya dhahabu isiyoandikwa kwenye risiti yoyote ya mnunuzi.

Samaki wa Ziwa Victoria wana zebaki?

Zebaki inayofika kwenye mito na ziwa huzama kwenye tope, na humo bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, ambayo utumbo wa binadamu huinyonya karibu yote. Samaki wadogo huibeba, wakubwa huwala wadogo, na kiwango huongezeka kila hatua. Kwa hiyo sangara mkubwa anayekula samaki wenzake huwa nayo nyingi kuliko dagaa au sato. Vipimo vingi vilivyochapishwa kuhusu samaki wa Ziwa Victoria vimeonyesha viwango vilivyo chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kwa hiyo hakuna sababu ya familia kuacha samaki, ambao ni chakula bora. Mjamzito na achague dagaa na sato mara nyingi zaidi kuliko sangara mkubwa.

Hata hivyo, ziwa si la kuliachia bahati. Katika mji wa Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na watu zaidi ya 2,000 wamethibitishwa kuupata, wakiwemo watoto waliozaliwa na ulemavu mkubwa wakati mama zao walionekana wazima. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unaotumika tangu mwaka 2017, umepewa jina la mji huo. Wavuvi wa kwetu nao wanajua jinsi soko linavyoweza kufungwa ghafla: mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kufuatia taarifa za uvuvi wa kutumia sumu, na hata mvuvi aliyetumia nyavu halali alikosa mnunuzi.

Vipi kuhusu ardhi na misitu?

Maduara yanahitaji matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na vilima vingi karibu na machimbo vimebaki vipara. Linalogusa afya moja kwa moja ni marudio, yaani mchanga uliokwisha kupitishwa zebaki, ambao huuzwa ili uchenjuliwe tena, yaani dhahabu iliyobaki itolewe, kwa sianidi, kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu. Sianidi huyeyusha zebaki iliyobaki na kuifanya isafiri kwa urahisi zaidi majini. Mkataba wa Minamata unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha uchenjuaji wa namna hiyo pale ambapo zebaki haijaondolewa kwanza.

Kunywa maziwa husaidia kuitoa zebaki mwilini?

Hapana. Maziwa ni lishe nzuri, lakini hayazuii mvuke uliopita mapafuni.

Nifanye nini ikiwa bado sijaweza kuiacha?

Kwanza, usichome nyumbani wala karibu na watu, na chombo cha kuchomea kisirudi jikoni. Pili, tumia ritoti, yaani chombo kilichofungwa chenye bomba linalopozwa kwa maji, ambamo mvuke hugeuka tena kuwa zebaki na kudondoka. Ikitumika vizuri, hurudisha zaidi ya asilimia 90, na zebaki hiyo hutumika tena, kwa hiyo mfuko nao unapata nafuu. Kanuni za mazingira za Tanzania kwa uchimbaji mdogo za mwaka 2010 zinataka ritoti itumike. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huu hata kidogo.

Ipo pia njia isiyotumia zebaki kabisa. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wamechenjua kwa boraksi, unga mweupe wa madini unaosaidia dhahabu kuyeyuka, kwa zaidi ya miaka 30, na njia hiyo imejaribiwa Tanzania. Inadai mchanga usafishwe kwa umakini zaidi kabla ya kuyeyushwa, jambo ambalo mtu hujifunza kwa kuonyeshwa, si kwa kusoma.

Nikienda hospitali nieleze nini?

Mweleze daktari kwamba unachenjua au kuchoma dhahabu, au unaishi jirani na wanaochoma, hata kama hajauliza. Zebaki ya mvuke hupimwa kwenye mkojo, na ile ya samaki hupimwa kwenye damu au nywele. Dawa za kuiondoa mwilini zipo, ila hutolewa chini ya uangalizi wa daktari tu. Tiba ya kwanza ni kuacha kuivuta, kwani mwili wenyewe hupunguza nusu ya zebaki hiyo kwa takribani miezi miwili. Ikiwa mke wako ni mjamzito, nendeni pamoja, na mtaje kazi hiyo ya dhahabu tangu siku ya kwanza ya kliniki.