Majengo ya kale na afya ya watu: tuanze na ukuta

Je, jengo la kale humfaa mtu kiafya? Ndiyo, ila umri wake hauna dawa yoyote. Jengo la miaka 300 lenye kuta zinazolowa linaumiza mapafu, na ukumbi wa miaka 60 ambamo mtaa mzima umeolea na kuagana na wafu wake unaweza kuwa tegemeo la watu wengi. Faida hupita njia mbili, mwilini na kwenye mazoea. Njia ya kwanza ikiziba, ya pili haifiki mbali.

Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa mawe na chokaa, au kwa udongo, bila karatasi ya kuzuia unyevu kwenye msingi. Hunywa maji kidogo kisha huyatoa taratibu kupitia viungo vya mawe na lipu. Fundi akija na saruji, njia hiyo anaifunga. Maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya chini ya uso wa jiwe na kulibandua vipande vipande, na upande wa chumbani huwa baridi na mbichi. Unyevu wa hewa kwenye uso wa ukuta ukizidi takriban asilimia 80 kwa siku kadhaa, kuvu huota. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohusisha unyevu na kuvu vya ndani ya nyumba na pumu na matatizo mengine ya kupumua. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi ndani ya urithi unaosifiwa na kila mtu, huku anakohoa mwaka mzima.

Dawa yake haianzi na lipu mpya. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: gata lililoziba, paa linalovuja, au udongo wa nje uliorundikwa hadi ukapita usawa wa sakafu. Udongo huo ushushwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu. Kisha saruji itolewe kwa nyundo na patasi, maana msumeno wa umeme hukata kingo za mawe. Baada ya hapo ukuta uachwe ukauke, na hapa ndipo wenye nyumba wengi huishiwa subira. Kadirio la mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hivyo ukuta wa sentimita 50 unaweza kuchukua zaidi ya mwaka. Lipu ya chokaa huchanganywa sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, ikapakwa kwa matabaka ya milimita 10 hivi juu ya ukuta ulioloweshwa, na kufunikwa magunia yenye maji kwa siku kadhaa. Ikikauka haraka haipati muda wa kushika, na inageuka unga mkononi.

Tahadhari moja kabla sijasahau: rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi. Usizikwangue zikiwa kavu. Vumbi lake ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi.

Njia ya pili ni mazoea ya mahali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaa wa West End mjini Boston, Marekani, ulibomolewa kwa jina la uboreshaji. Mwaka 1963 mtafiti Marc Fried aliandika kuhusu waliohamishwa, akaona kwamba wengi waliomboleza kama waliofiwa, wakati wataalamu wa mipango miji waliyaita makazi yao duni. Waliohamishwa hawakuwa wakilia matofali. Walikuwa wamepoteza ngazi walizozijua gizani, na majirani waliojua jina la kila mtoto. Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wanaodharau majengo yaliyojengwa upya. Mji mkongwe wa Warsaw, Poland, uliharibiwa karibu wote mwaka 1944, ukasimamishwa tena kwa kufuata michoro na hata picha za mchoraji Bellotto wa karne ya 18, na UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980. Daraja la kale la Mostar nchini Bosnia, lililoanguka vitani 1993, lilifunguliwa tena 2004. Mawe ni mapya, lakini wapo watu wanaolijua umbo lake.

Katika kupima faida hii makosa ni mengi. Kipimo kinachopendwa ni kile cha ustawi wa akili kiitwacho cha Warwick na Edinburgh: maswali 14, alama 14 hadi 70. Kinauliza hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita, kwa hiyo kumpa mgeni anayetoka kwenye matembezi ya saa moja ni kazi bure. Kwa ziara fupi, uliza hali yake kabla na baada. Tena linganisha na kundi lililotembea pamoja mahali pasipo na historia yoyote, kwani huenda kilichowafurahisha ni hewa na wenzao tu. Ninavyoona, kushika kazi huzidi kutazama. Katika mpango wa Operation Nightingale wa Uingereza, wanajeshi waliojeruhiwa huchimba maeneo ya akiolojia: wana jembe, zamu na mtu anayewasubiri asubuhi.

Ziko pia sehemu za machungu, kama Robben Island, kisiwa kilichokuwa gereza Afrika Kusini, au nyumba za watumwa za kisiwa cha Gorée, Senegali. Huko mgeni aambiwe mapema atakachokiona. Mlango wa seli usifungwe nyuma yake kwa ajili ya maonyesho, wala asilazimishwe kumaliza mzunguko wote. Kuwe na njia ya kutokea katikati, na benchi kivulini nje ambapo anaweza kukaa bila mtu kumwuliza chochote.