Kuacha soda na kuhamia juisi ya boksi

Wengi wanaoamua kuacha soda huhamia juisi ya boksi. Sababu inaeleweka: boksi lina picha ya embe lililoiva, na matunda ni chakula cha afya. Basi mtu hujihesabu ameshaachana na sukari.

Geuza boksi usome ubavuni, penye maandishi madogo. Soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Juisi nyingi za boksi hucheza humo humo, hata zile zisizoongezwa sukari, kwa kuwa tunda likikamuliwa sukari yake hushuka na maji, huku nyuzinyuzi nyingi zikibaki kwenye chujio. Chungwa zima utalitafuna polepole na litakushibisha. Glasi moja ya juisi hubeba machungwa matatu hivi, na hushuka kwa mikupuo miwili.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Kijiko cha chai cha sukari, kisichojaa kilima, ni kama gramu 4. Chupa ya mililita 300 yenye gramu 10.6 kwa mililita 100 ina karibu gramu 32: vijiko 8. Vipime kwenye kisahani uvitazame. (Chai yenyewe nani huitia vijiko vinane?) Ila soma vizuri, maana boksi lingine huhesabu glasi moja tu, si boksi zima.

Mbadala halisi ni maji, au chai isiyo na sukari. Ukishindwa kuacha ghafla, punguza chupa moja moja; ulimi huzoea.