Jedwali moja nalo ni la kimahusiano

Wiki hii nimemsikia tena mtu akiwaambia wenzake kwamba hifadhidata yenye jedwali moja haiwezi kuitwa ya kimahusiano, maana "litahusiana na nani?" Wote wakaafiki. Kosa hili nimelisikia mara nyingi mno, na huanza kuharibu kazi ya kuchora hifadhidata kabla hata kalamu haijagusa karatasi.

Tumalize maana kwanza. Mchoro wa huluki na uhusiano, ambao wengi huuita ERD, ni picha ya vitu ambavyo mfumo unapaswa kuvikumbuka (huluki), mambo tunayotaka kuyajua kuhusu kila kimoja (sifa), na namna vinavyohusiana. Peter Chen, aliyeueleza mtindo huu mwaka 1976, alichora huluki kwa mstatili na uhusiano kwa umbo la almasi. Siku hizi wengi wameiacha almasi, wanachora mstari wenye mguu wa kunguru, yaani ncha iliyochanua matawi matatu kuonyesha "wengi". Basi.

Sasa hilo neno. Wazo la hifadhidata "ya kimahusiano" liliutangulia mchoro huu kwa miaka 6. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyesomea hisabati Oxford na kufanya utafiti katika kampuni ya kompyuta ya IBM, alipendekeza data ipangwe kwa rilesheni, neno alilolitoa kwenye nadharia ya seti. Chukua seti ya namba za kadi, seti ya majina na seti ya tarehe. Okota kimoja kutoka kila seti: 17, Amina, 3 Mei. Umepata safumlalo moja. Kusanya safumlalo za namna hiyo, hiyo ndiyo rilesheni. Kwa hiyo rilesheni ni jedwali lenyewe. Linafunga pamoja thamani zilizo ndani yake, wala halisubiri jirani.

Hapa Kiswahili kimetuponza. "Uhusiano" limetoka kwenye kuhusu, neno lenye asili ya Kiarabu, nasi tukalipachika -an- ya kutendana: kuhusiana. Kiambishi hicho hakimkubali mmoja. Kupigana, kuoana, kuhusiana, sharti wawepo wawili. Ndiyo maana anayesikia "kimahusiano" sikio lake hutafuta jedwali la pili, na simlaumu, lugha yake imemfundisha hivyo. Neno linamfaa Chen kabisa. Codd halimfai. Kwa Kiingereza wao walikuwa na maneno mawili yanayofanana sauti, relation la Codd na relationship la Chen, sisi tukayamwaga yote kwenye chungu kimoja.

Ubaya wake ni kwamba aliyeamini uhusiano ni mistari kati ya majedwali huanza na majedwali, kisha ndipo anatafuta pa kupitisha mistari. Niliwahi kuletewa mchoro wa maktaba wa aina hiyo. Msomaji huku, Kitabu kule, mstari katikati, na namba ya msomaji imewekwa ndani ya Kitabu kama ufunguo wa kigeni, yaani safuwima inayotaja safumlalo ya jedwali lingine. Msomaji wa pili akikiazima, wa kwanza anafutika kana kwamba hakuwahi kufika. Laiti mchoraji angechora almasi na kuandika ndani yake "huazima", angelazimika kujiuliza: msomaji mmoja vitabu vingapi, kitabu kimoja wasomaji wangapi? Na tarehe ya kuazima ni sifa ya nani? Msomaji hana tarehe hiyo, kitabu nacho hakina. Ni ya tendo lenyewe.

Jibu likiwa wengi kwa wengi, yaani msomaji mmoja vitabu vingi na kitabu kimoja wasomaji wengi, ile almasi ikishuka kwenye hifadhidata inakuwa jedwali la tatu, Uazimaji. Ufunguo wake msingi, yaani kile kinachoitambulisha kila safumlalo, nao hautoshi kuwa namba ya msomaji na namba ya kitabu peke yake, kwa sababu mtu yuleyule anaweza kukirudia kitabu kilekile mwezi ujao. Ongeza tarehe, au ukipe kila kitendo cha kuazima namba yake. Hapo uhusiano wa Chen umegeuka rilesheni ya Codd, na mistari iliyobaki ni funguo za kigeni tu, zinazoonyesha safumlalo ipi inaitaja ipi.

Sidai "kimahusiano" lifutwe, limeshaota mizizi. Ila ukiulizwa jedwali moja linahusiana na nani, jibu kwa upole kwamba linahusisha safuwima zake zenyewe, na hilo lilimtosha Codd.