Kompyuta imekosa sauti? Draiva iguse mwisho

Kompyuta ikinyamaza, wengi hukimbilia kufuta draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, na wengine hufika hadi kusakinisha Windows upya. Mimi draiva huigusa mwisho kabisa. Sauti ina njia yake: hutoka kwenye programu, hupita kwenye mfumo, huingia kwenye kifaa kilichochaguliwa, ndipo ishuke kwenye waya hadi kwenye spika. Kwanza nataka kujua imekwamia wapi.

Cheza wimbo wowote, uache uendelee. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Litafunguka dirisha la sauti la tangu zamani, na kwangu mimi hilo linaishinda kwa mbali mipangilio mipya iliyorembwa. Vifaa vya kutolea sauti ambavyo havijazimwa vimo humo vyote, na pembeni mwa kila kimoja kuna vistari vinavyopanda na kushuka kwa rangi ya kijani sauti inapopita.

Vistari vikicheza kwenye spika zako na bado husikii kitu, kompyuta imeshamaliza kazi yake. Shida iko nje. Angalia umeme wa spika, kitufe chake cha sauti, na jeki. Kwenye kompyuta ya mezani spika huchomekwa kwenye tundu la kijani; la waridi ni la maiki, la bluu ni la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine. Tundu la mbele likigoma na la nyuma likafanya kazi, mara nyingi ni waya mdogo ndani ya kasha uliochomoka kwenye ubao mama.

Vikicheza kwenye jina la monita, jibu umeshalipata. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja, kwa hiyo ukichomeka monita, Windows inaweza kuhamishia sauti huko hata kama monita yenyewe haina spika. Chagua spika zako ziwe chaguo-msingi, na tiki ya kijani itahamia hapo. Usipoziona, bofya kulia mahali patupu uruhusu vifaa vilivyozimwa vionekane.

Visipocheza popote, ishuku programu. Kichanganya sauti cha Windows huipa kila programu kiwango chake cha sauti, na kivinjari kinaweza kunyamazisha kichupo kimoja tu huku vingine vikiimba.

Hedifoni za Bluetooth nazo zina kisa chao, na hicho ndicho ninachoulizwa zaidi. Muziki ulikuwa mtamu, ukaingia kwenye mkutano wa video, ghafla kila kitu kinasikika kama kupitia simu ya mezani. Hedifoni hazijaharibika. Bluetooth tuliyoizoea ina njia mbili: A2DP, inayopeleka sauti nzuri ya stirio upande mmoja tu, na HFP, inayopeleka na kurudisha. Ya pili hutoa mono iliyobanwa, kwa kawaida sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 au 16,000 kwa sekunde, ilhali CD ya muziki ina 44,100. Maiki ya hedifoni ikifunguliwa tu, unahamishiwa huko. Kwenye programu ya mkutano chagua maiki ya laptopu, hedifoni zibaki za kusikilizia.

Kama sauti ni safi ila muziki unafifia kila unapopigiwa, rudi mmsys.cpl kwenye kichupo cha mwisho. Windows ikihisi mazungumzo hushusha sauti nyingine kwa asilimia 80. Iambie isifanye chochote.

Mvumo wa chinichini? Chomoa chaja ya laptopu. Ukikatika, ni mzunguko wa ardhi ya umeme, yaani spika na laptopu zimeunganishwa ardhini kwa njia mbili na umeme unazunguka kati yake. Chomeka spika na chaja kwenye soketi moja ya ukutani, au tafuta kitenganishi cha waya wa sauti.

Sasa draiva. Kifaa kisipokuwemo hata kati ya vilivyozimwa, bonyeza tena Windows na R, andika devmgmt.msc, kitafute kwenye orodha ya vifaa itakayofunguka, kifute humo, kisha zima na uwashe kompyuta. Windows hujiwekea draiva yake ya jumla, na mara nyingi hiyo inatosha. Isipotosha, pakua kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu au ubao mama wako. Zile programu zinazojinadi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja, achana nazo kabisa.